Moshi Kwenye Kifuniko cha Oili

Kwetu Mkata gari lililotumika halinunuliwi bila kufunguliwa kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma. Mtu huinama, huweka kiganja juu ya tundu, kisha hutulia kama daktari. Moshi ukimpiga kiganjani, hukumu imetoka: ringi za pistoni zimekwisha, injini imekufa. Kipimo hicho anakijua kila mwanamume aliyewahi kuegemea boneti, na mimi nakichukia mpaka leo.

Mama alikuwa na pikapu. Aliinunua baada ya baba kufariki, ili apeleke mahindi na mihogo mikavu Korogwe, akajifunza kuendesha akiwa tayari ana wajukuu. Watu walicheka, wakazoea, mwishowe wakawa wanamwomba awabebee mizigo. Sijamwona mama na raha kama ile ya kushika usukani, kanga kaifunga kiunoni, akiwafokea madereva wa mabasi ambao hata hawamsikii.

Kisha pikapu ikaanza kuvuja oili. Tukaipeleka gereji Korogwe, na mjomba, mdogo wake mama, akafuatana nasi. Fundi akafungua kifuniko. Moshi ukatoka mzito.

"Mama, nisikudanganye," akasema. "Ringi zimekwisha. Injini hii imechoka."

Mjomba akadakia, "Dada, na wewe pumzika sasa. Umehangaika vya kutosha."

Mama, ambaye hubishana hata na redio, akakubali. Pikapu ikauzwa kama kitu kibovu kwa bwana mmoja wa Ngombezi.

Sasa najua ambacho hakuna aliyejisumbua kukiuliza siku ile. Hata injini nzima huvujisha moshi kidogo pembeni ya pistoni, ukashuka chini kule oili inakokaa. Moshi huo lazima upate pa kutokea. Ndiyo maana kuna bomba la mpira na valvu ndogo, haizidi kidole gumba, na injini yenyewe huuvuta moshi kupitia humo ikauchoma upya. Valvu ya mama ilikuwa imeziba kwa masizi na oili iliyoganda. Moshi ukakosa njia, ukajazana, ukaisukuma oili ipenye kwenye sili zinazoizuia isivuje, na kifuniko kilipofunguliwa ukatokea hapo. Ringi zilikuwa salama kabisa. Inaniuma, kwa sababu kuichomoa ile valvu na kuitazama ni kazi ya muda wa kunywa chai.

Aliyetuambia ni yule mnunuzi, tulipokutana naye sokoni Korogwe. Hakuwa na ubaya wowote, alikuwa na furaha tu.

"Shikamoo, mama. Lile gari lako halikuwa na ugonjwa! Kivalvu cha kupumulia ndicho kilichoziba. Nimeweka kingine, oili haidondoki tena."

"Marahaba. Alhamdulillahi," mama akasema.

Kwa kuwa alikuwa anakwenda Mkata kufuata mahindi, akatuomba tupande naye. Nilikaa katikati, mama dirishani upande wa kushoto, mahali ambapo sikuwahi kumwona amekaa. Injini ilivuta vizuri mno. Natamani ingekohoa hata mara moja. Kila tulipofika mteremko, mguu wa kulia wa mama ulikanyaga sakafu tupu. Baada ya Segera yule bwana alichelewa kubadilisha gia, mama akafungua mdomo, nikafurahi kwamba sasa atafoka. Akaufunga, akaanza kuzungumzia mvua.

Nyumbani aliteremka polepole. Mlango wa upande ule haufungi mpaka uinuliwe kidogo, na yule bwana alikuwa anainama ili amwelekeze. Mama alikuwa amekwisha kuuinua na kuufunga bila kuutazama.

"Asante kwa lifti, mwanangu," akasema.