Kahawa ya Mama na Mtihani wa Hesabu

Maduka ya Lushoto yalipoanza kujaa vitu baada ya miaka mingi ya rafu tupu, mama alinunua kopo la kahawa, ile ya kukoroga tu kwenye maji moto. Alikuwa mwalimu wa shule yetu ya msingi, na alikuwa akirudia mtihani wa hesabu wa kidato cha nne. Alikwisha kuufeli mara mbili.

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, alikunywa vikombe viwili na kufungua daftari. Akienda kulala, usingizi haukumjia. Asubuhi alitia chumvi kwenye uji badala ya sukari, na mimi akaniita kwa jina la dada yangu.

Siku moja darasani, nikiwa dawati la mbele, aliandika ubaoni saba mara nane, akasimama. Jibu hakuliandika. Wenzangu wakaanza kucheka. Mama akatoka nje. Nilimfuata, nikamkuta ameegemea ukuta, analia kimyakimya.

"Jibu nalijua, mwanangu," aliniambia. "Halitoki tu."

Baba aliporudi kutoka Shume, alikokuwa akipasua mbao, nilimweleza. Hakufoka. Alikwenda kukaa karibu na mama jikoni.

"Mwalimu," alisema, maana ndivyo alivyomwita akitaka kumbembeleza, "jana ulilala saa ngapi?"

"Sikulala. Nilijinyoosha tu."

"Basi kahawa iwe ya asubuhi. Usome alasiri, usiku ulale."

"Na chakula apike nani?"

"Mimi sina mikono?"

Tangu kesho yake, kila jioni baba aliporudi alivua koti lenye vumbi la mbao, akamenya viazi uani. Jirani mmoja akamuuliza kama mkewe anaumwa.

"Anasoma," baba alijibu.

Siku tatu za kwanza kichwa kilimgonga mama kwa kuikosa kahawa ya jioni, akawa mkali kwetu sote. Siku ya nne alilala fofofo, akakoroma mpaka mimi na baba tukacheka.

Mtihani akaufanya, na matokeo aliyafuata mwenyewe ofisi ya elimu. Aliporudi, baba alikuwa akichambua maharage. Mama akaketi kando yake, akalaza kichwa begani mwake mbele yetu watoto, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Nimepita," alisema. "Kwa alama ya mwisho, lakini nimepita."

Baba aliendelea kuchambua, ila niliona vijiwe alivyokwisha kuvitoa anavirudisha kwenye sufuria.