Dada na Figo la Kulia

Dada yangu hajui kukosea. Tangu tukiwa wadogo, ukimwambia amekosea atakutolea macho mpaka uanze kujitilia shaka mwenyewe. Amefundisha baiolojia miaka kumi na tisa katika shule ileile, na wanafunzi wamembandika jina la Mama Mhuri, maana akishasema jambo, limekwisha.

Basi matokeo ya kidato cha nne yakatoka, na ya darasa lake hayakuwemo. Baraza la mitihani lilikuwa limeyafuta ya wote thelathini na wanane, ya binti yangu yakiwemo. Barua ilieleza kwamba watahiniwa wote waliandika kosa moja: kwamba figo la kulia liko juu kuliko la kushoto. Kwa baraza, huo ulikuwa ushahidi tosha kwamba walinakiliana.

"Kosa gani?" dada akafoka. "La kulia ndilo liko juu!"

Akafungua kitabu ili anionyeshe. Akasoma, akarudia: la kushoto ndilo lililokuwa juu. Binti yangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimtazama tu, akaenda zake. Hakumsemesha tena.

Sisi wazazi tukafungua kesi. Mkuu wa shule akamsihi dada asijitie humo, eti ataichafua shule. Dada alizunguka nyumba kwa nyumba kwa wanafunzi wake wa zamani akiomba daftari zao. Alipata kumi na moja za miaka tofauti, zote zina mchoro uleule wa figo la kulia likiwa juu, na alama yake ya vema kwa wino mwekundu.

Mahakamani, wakili wa baraza akamchokoza. "Kwa hiyo, mwalimu, miaka yote hiyo umekuwa ukiwapotosha watoto wa watu?"

Nikajisemea moyoni, leo patachimbika. Lakini dada alishika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili.

"Ndiyo. Nilikosea. Hawa hawakunakiliana. Walinisikiliza mimi."

Sijawahi kumwonea fahari dada yangu kama siku ile.

Jaji alipekua daftari moja moja, na wiki mbili baadaye akaamuru matokeo yarudishwe. Pale koridoni, katikati ya vigelegele, binti yangu akamsogelea.

"Mama mkubwa, nisamehe. Nilikununia."

"Ulikuwa na haki ya kununa," dada akasema, akijifuta macho bila kujificha. "Ila Jumatatu uje na wenzako darasani kwangu. Nawafundisha wadogo zenu somo hilo upya. Mkae nyuma, na nikikosea, nyoosheni mkono."