Mwalimu Aliyewaacha Watoto Walale

Msimu wa kahawa, watoto wa upande wa Igamba huingia shambani kabla ya kuingia darasani. Saa kumi na moja alfajiri wanachuma, saa moja na nusu wako mstarini, na ikifika saa nne vichwa vinaanza kuangukia madawati kimoja kimoja.

Mwalimu Loisi aliyajua hayo tangu utoto. Alichuma kahawa ya baba yake vidole vikifa ganzi kwa baridi ya Julai, akaenda shule, akasinzia, akachapwa. Alipomaliza darasa la saba akachukuliwa kuwa mwalimu wa UPE, wale waliojifunza ualimu huko huko vijijini, akapewa darasa la kwanza, na miaka ikapita hajalitoka. Siku aliyokabidhiwa chaki alimwahidi Mungu wake kwamba mtoto wa kahawa hatachapwa kwa usingizi mikononi mwake. Akisinzia, ataachwa alale.

Walimu wenzake walimcheka. Mwalimu mkuu, Gibson, akipita dirishani na kuona watoto watano wamelala na sitini wanasoma kwa kunong'ona, alikuwa akimtania, "Mwalimu Loisi, leta na magodoro basi." Naye alicheka pamoja nao, maana aliona anatenda jema, na kwa kweli lilikuwa jema, miaka mingi.

Mwaka tisini na nane alikuwa na mtoto aitwaye Aida, binti wa Mbonile na Enesi, ambao shamba lao la kahawa lilikuwa mlimani juu ya shule. Mwezi wa saba mtoto huyo hakuonekana wiki mbili. Wazazi walikuwa wamekwenda Galula kumzika mama yake Enesi, huko bondeni kwenye joto na mbu wengi, wakakaa mpaka matanga yakaisha. Jumatatu Aida akarudi shule. Enesi alimfikisha uwanjani, akampungia mwalimu mkono, akawahi kahawa iliyokuwa inadondoka. Hakusema walikotoka. Mwalimu naye hakuuliza. Aliona tu mtoto amerudi, akamwekea alama ya vema kwenye daftari la mahudhurio.

Alhamisi asubuhi Aida aliomba kukaa juani, kando ya mlango. Kwa baridi ile kila mtoto alitaka jua, kwa hiyo Loisi akamruhusu. Saa nne akarudi kwenye dawati lake, akalaza kichwa juu ya mikono, akalala. Mwalimu alimwona. Alitoa kitenge mabegani mwake, akamfunika vizuri mpaka miguuni, akawaonya jirani zake wasimsukume, akaendelea na ubao.

Saa sita, kengele ya kuwatoa wadogo ilipogongwa, Aida hakuinuka. Loisi alimtikisa akicheka, kisha akaacha kucheka. Macho ya mtoto yalikuwa yamepinduka na meno yameumana, na mwili ule aliokuwa ameufunika ulikuwa unawaka.

Alimbeba mgongoni akakimbia naye mpaka zahanati. Gibson alipanda baiskeli kwenda kuwaita wazazi. Mganga alimchoma sindano, akasema ni malaria, imepanda kichwani, wamkimbize hospitali Vwawa. Gari lililokuwa linakusanya kahawa likawachukua. Walikuwa bado hawajafika barabara kuu, Aida akakata roho mapajani mwa mama yake.

Msibani Loisi alipiga magoti mbele ya Enesi, akasema yote bila kupunguza: jua, dawati, kitenge, saa mbili nzima. Enesi alimtazama muda mrefu, kama mtu anayesoma mwandiko mbaya.

"Kwa hiyo ulimwona," akasema. "Ulimwona, ukamfunika."

Loisi aliondoka na neno hilo, akaishi nalo. Angetukanwa angeweza kuomba msamaha. Kwa hilo hakujua aombe nini. Jumapili alikaa kiti cha nyuma kanisani, na wengine walipoimba yeye alikuwa anafungua mdomo tu.

Darasani hakuwaacha tena wanaosinzia walale tu. Kila asubuhi alipita dawati kwa dawati akiweka kiganja shingoni mwa kila mtoto, akiuliza umelala wapi, umekula nini, mmesafiri. Ilimla nusu ya kipindi cha kwanza. Kwenye kikao cha wazazi alisimama, akaomba kwamba mtoto akitoka safari shule iambiwe, na akiugua asirudishwe nyumbani na mtoto mwenzake, apelekwe na mtu mzima. Wazazi waliitikia. Enesi hakuwepo. Tangu mazishi alikuwa hapiti njia ya shuleni, anazunguka kwa mtoni.

Enesi alikuwa na mtoto mwingine, Osea. Januari ya mwaka elfu mbili alitimiza miaka saba. Watoto wa rika lake wakaandikishwa, yeye hakuletwa. Mwezi wa pili mtendaji wa kijiji akatangaza kwamba mzazi aliyeficha mtoto atatozwa faini, na jina la Mbonile likawa la kwanza. Loisi akamwomba mtendaji ampe siku tatu. Hakutaka Osea aletwe na mgambo. Alitaka mama yake amlete, na alilitaka hilo kuliko alivyowahi kutaka kitu duniani, ingawa aliona haya hata kulisema katika sala.

Alimkuta Enesi anapukuchua mahindi. Akapiga hodi, kisha akakwama, maana hakujua amwite nani.

"Habari za hapa, Mama Osea."

"Mimi ni Mama Aida," Enesi akasema. "Kaa hapo, mwalimu."

Loisi akakaa. Akachukua hindi moja, akaanza naye kupukuchua. Walijaza karibu ungo mzima. Osea alikuwa anawafukuza kuku wasiyafikie mahindi, kisha anawarudisha makusudi ili awafukuze tena.

"Akisinzia utafanyaje?" Enesi akauliza, macho kwenye ungo.

"Nitamwamsha. Asipoamka vizuri nitambeba nimlete kwako, popote ulipo."

"Na hao wengine sabini utamwachia nani?"

"Sijui, mama. Nitamleta tu."

"Mwalimu mkuu akikukataza?"

"Atanikataza nikiwa njiani."

Enesi alikaribia kutabasamu, uso ukakataa. Siku ya tatu asubuhi alikuja kwa njia ya shuleni, amemshika Osea mkono, akamwachia mlangoni pa darasa, akageuka bila kusalimia.

Mwezi wa saba ukarudi na kahawa yake. Jumanne moja, saa nne, Osea akalaza kichwa. Loisi alifika kabla mikono haijatulia. Akamwita, mtoto akafumbua jicho moja, likafumba. Akamkalisha, akaanguka kama nguo. Shingo ilikuwa na joto, au labda ni kiganja chake mwenyewe kilichopoa kwa woga. Akamtupa mgongoni, akamfunga kwa kitenge, akatoka.

Gibson alikuwa uwanjani. Akauliza anakwenda wapi.

"Kwa Mama Aida."

Mwalimu mkuu alimtazama, akamtazama mtoto, akaingia darasa la kwanza na kuokota chaki.

Enesi alimwona akipanda mlima, akaangusha kikapu, kahawa nyekundu ikasambaa. Walimlaza Osea chini ya mikahawa. Mama akamgusa paji, akamgusa tumbo, akamfunua jicho, akamwita jina mara tatu. Kisha akanyanyua uso.

"Mwalimu, sijui," akasema. "Mwanangu mwenyewe, nimemshika, na sijui."

Wakashuka naye zahanati wakipokezana kumbeba. Njiani Enesi aliongea peke yake, kwamba kule Galula chandarua kilikuwa kimoja tu, wakakilalia wageni wengine. Kwamba siku ile Aida aliacha uji akasema ni mchungu, naye akamwambia asideke, awahi shule. Hayo hakuwahi kumwambia mtu. Loisi alisikiliza akihema, akalia bila kufuta uso, maana mikono ilikuwa imeshika miguu ya mtoto.

Mganga alimpima, akasema haoni homa. Akauliza mtoto ameamka saa ngapi. Enesi alikuwa amemkataza Osea kuchuma siku za shule, lakini vidole vyake vilinata maji ya kahawa; alfajiri alikuwa ametoroka kumfuata baba yake. Hata hivyo mama akataka damu ipimwe. Mganga akashika kidole, akatoboa.

Osea aliamka kwa yowe. Alilia, akapiga mateke, akamtukana mganga, akataka kwenda nyumbani. Wale wanawake wawili walisimama kila mmoja upande wake wa benchi, wakimsikiliza, na hakuna aliyemnyamazisha.