Ndala Chini ya Benchi

Nilipomaliza kidato cha nne, huku nikiota kwamba siku moja nitakuwa na shule yangu yenye kengele na kibao cha bluu, nilianza kufundisha tuisheni ya hesabu barazani kwetu, hapa Dodoma. Wanafunzi walikuwa wanne. Watatu wa mjini, wananikodolea macho na kunibishia. Wa nne alikuwa binti wa darasa la sita, aliyetoka kijijini Haneti kuja kuishi na shangazi yake, mfanya usafi wa ofisi kule Mtumba.

Huyo hakuwahi kunitazama. Nikimuuliza kama ameelewa, anainama: "Ndiyo, ticha." Mimi nikajua hapendi hesabu, au hanipendi mimi. Roho ikaniuma.

Shangazi mtu akaniambia, binti akisikia: "Jumamosi nakuja kusikiliza. Kama haelewi usinifiche, namrudisha kwa bibi yake."

Jumatatu chaki ikanidondoka. Nikainama kuiokota, nikakutana na miguu yake inaning'inia, vidole vimeng'ang'ania ndala kama vya mtu anayevuka tope. Nikarudia swali la sehemu lililokuwa ubaoni, safari hii kwa kukata chapati. Vidole vikalegea. Ndala moja ikaanguka. Nikamuuliza jibu, akalitoa bila kusita, macho chini vilevile.

Toka hapo nikawa nafundisha huku nachungulia chini ya benchi. Wale watatu wakanicheka, "Ticha, umedondosha nini tena?"

Jumamosi shangazi akaketi. Nikauliza, nusu ya robo ni ngapi? Binti kainama.

"Unaona? Hata kukutazama hakutazami."

"Shangazi, tazama miguu."

Tukainama wote, tunasubiri. Ndala ya kushoto, pa. Halafu ya kulia.

"Moja ya nane," binti akasema.

"Sasa mbona humtazami mwalimu wako?" shangazi akamuuliza.

"Bibi alisema mkubwa akiongea hakodolewi macho."

Shangazi akatikisa kichwa. "Mama yangu huyo. Hata mimi alinilea hivyohivyo, mji umenisahaulisha." Kisha akanigeukia. "Haya, abaki. Ila siku ya mtihani, msimamizi naye atachungulia miguu?"

"Mtihani ni karatasi, shangazi. Nayo inatazamwa macho chini."

Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Binti hakuinua uso, lakini nilimwona anatabasamu, huku vidole vyake vikipapasa sakafuni kutafuta ndala.