Sauti Yangu Juu ya Pikipiki

Kwa miezi kadhaa sauti yangu ilizunguka Bunia juu ya pikipiki ikiuza dawa ambayo sijawahi kuionja, na kati ya watu walioisikiliza na kuitii alikuwemo mama yangu mzazi. Naanza na hilo ili pasiwe na mtu wa kunihurumia. Sikuibiwa sauti. Niliitoa mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili timamu, kwa kitenge kimoja na pesa ya mboga.

Wakati huo nilikuwa nafundisha mwaka wa tatu wa shule ya msingi hapa mtaani Mudzipela, na Jumapili nilikuwa msomaji wa matangazo kanisani kwetu. Kwa asiyeijua, kazi hiyo inaonekana ndogo. Misa ikikaribia kwisha unasimama mbele na daftari, unasema, "Ndugu wapendwa, tusikilize matangazo," na watu waliopiga miayo mahubiri yote wananyanyua vichwa. Akina mama wanawapa watoto ziwa ili wanyamaze. Maana hapo ndipo mtu anajua nani anaoa, nani amefiwa, mahindi ya msaada yanagawiwa wapi, na salongo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, itakuwa siku gani. Nilisoma miaka saba, na sikuwahi kusema salongo ni Jumamosi halafu ikawa Ijumaa. Watu walikuwa wamezoea kwamba sauti ile ikitamka jambo, basi liko hivyo.

Muuza dawa aliligundua hilo kabla yangu. Alikuwa mwanaume wa makamo, mpole, shati limepigwa pasi. Alinisubiri nje ya kanisa akiwa ameshika karatasi.

"Madamu," akasema, "niko naomba unisaidie kidogo tu. Mi nikisema, watu wanapita. Weye ukisema, watu wanasimama."

Ningependa kuandika kwamba nilisita. Sikusita hata kidogo, nilifurahi. Kesho yake baada ya masomo tulifunga madirisha ya darasa, akaweka simu yake juu ya dawati. Karatasi yake ilikuwa imeandikwa ovyo: mizizi saba, kisha orodha ya magonjwa kuanzia minyoo mpaka tansio, yaani ule msukumo wa damu unaopanda. Mwalimu akiona maandishi mabaya mkono unamwasha. Nikatoa kalamu nyekundu, nikakata, nikapanga, nikaongeza. Yeye alitaka nianze vilevile ninavyoanza kanisani, nami nikakubali. Lakini sentensi ya mwisho haikuwa yake, ilikuwa yangu: "Kijiko asubuhi, kijiko jioni, na njia ya hospitali utaisahau." Niliipenda kwa jinsi ilivyotembea mdomoni. Wala sikujiuliza kama ni kweli. Niliirudia mara tatu mpaka ikakaa sawa.

Lazima ujue sauti hiyo ilikwenda kushindana na nani. Asubuhi, wa kwanza kunisalimia si mama wala jirani, ni kampuni ya simu. Kabla sijanawa uso simu imeshatetemeka, naambiwa nimebahatika, ninunue dakika ambazo sikuziomba. Nikitoka nje, kila meza ya sokoni ina megafoni kwenye msumari. Mwenye meza amekaa anasukwa nywele, na megafoni peke yake inalia "senk-sa, senk-sa, senk-sa", yaani faranga mia tano, juu ya lundo la sandali. Baa imetoa nje bafle zake, yaani spika, kubwa kama kabati, na mchungaji wa ng'ambo ya barabara naye ametoa zake, zinatazamana. Kwenye bango la bia vijana wenye meno meupe wanacheka, na chini ya bango wamesimama vijana wa kweli wanaotafuta kazi, ambao hawacheki. Kila mmoja anakuvuta sikio upande wake. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kama nina nafasi.

Katikati ya fujo hiyo pikipiki ya muuza dawa ilipita na bafle limefungwa nyuma kwa kamba za mpira, na sauti yangu ikasema taratibu, bila kupiga kelele, "Ndugu wapendwa, tusikilize." Na watu wakasikiliza. Nilimwona kwa macho yangu mwanamke akitua beseni la mihogo ili asikie vizuri. Nilimwona fundi cherehani akiondoa mguu kwenye pedali. Wiki mbili nzima nilitembea nimevimba kichwa, na wakati mwingine nilipita njia ya mbali makusudi ili nikutane nayo.

Hata darasani ilinifuata. Siku moja niliwauliza wanafunzi jina la mto unaopita mjini kwetu, ikanyanyuka mikono miwili. Nikageuka niandike ubaoni, na nyuma yangu mmoja akaanza, "Kijiko asubuhi," darasa lote likamalizia, pamoja na vituo vyangu vyote na kile kikohozi changu kidogo kabla ya "utaisahau". Sikuwa nimewafundisha. Mto nilikuwa nimewafundisha mara nne. Nilicheka pamoja nao, na leo nikikumbuka kicheko kile nataka kujizaba kofi.

Mama alikuwa amekuja kukaa kwangu kutoka Gety alipoanza kuugua tansio, kwa sababu Bunia dawa zinapatikana na mtoto wake yupo. Hakusoma shule. Kila asubuhi baada ya chai alimeza kidonge chake, na muganga, yaani daktari wa kituo cha afya, alimwambia mbele yangu kwamba akiacha, siku moja ataanguka kama alivyoanguka dada yake. Dada yake alianguka shambani, mdomo ukapinda, hakusema tena neno mpaka tulipomzika. Mama alikuwa analijua hilo kuliko mimi, yeye ndiye aliyemlisha kwa kijiko.

Asubuhi moja nilimkuta ameshika ukuta wa jiko, jasho linamtoka, anasema nyumba inazunguka. Nilikimbilia mfuko wake wa dawa. Vidonge vilikuwa humo kama vilivyotoka kituoni, havijaguswa. Nyuma ya mfuko ilisimama chupa ya maji ya plastiki yenye kitu cheusi, na kijiko kimelala juu ya kifuniko.

"Mama, na vidonge?"

"Niliachaka." Aliniangalia kama mtu anayeulizwa jambo ambalo mji mzima unalijua. "Weye mwenyewe ulisemaka."

"Nilisema wapi?"

"Kwa pikipiki. Kijiko asubuhi, kijiko jioni, njia ya hospitali utaisahau. Mi nilishaka kuisahau."

Nilimweleza kwamba ile ilikuwa biashara, kwamba yule mtu alinipa kitenge, kwamba ndani ya chupa ile sijui kuna nini. Nilipandisha sauti, nikalia pia. Yeye alinisubiri nimalize.

"Yule wa pikipiki anasema muzuri, polepole," akasema. "Weye wa hapa iko nasema na hasira. Nisikilize nani?"

Maneno hayo yalinikata maini. Nilikuwa nashindana na mdomo wangu mwenyewe, na nilikuwa nashindwa ndani ya nyumba yangu. Tulikwenda kituoni, muganga akampima, akanuna, akasema vidonge virudiwe leo hii. Mama aliitikia kwa adabu zote. Tuliporudi akamimina kijiko chake. Nikaichukua chupa nikaimwaga nyuma ya choo, na kabla ya saa sita alikuwa amenunua nyingine, kutoka pikipiki ileile, akiwa amevutwa barabarani na sauti ileile.

Nilimtafuta muuza dawa sokoni. Nilimwambia aifute sauti yangu. Alinisikiliza kwa upole wake wote.

"Madamu, kwa simu yangu naweza kufuta. Lakini sauti ilishaka kuenda. Wenzangu iko nayo kwa kadi. Ingine iko Fataki, ingine iko kwa machimbo ya zahabu. Nitafuta ngapi?" Akafuta jasho, akasogea karibu. "Na tena inauzisha sana. Tufanye ingine, ya dawa ya mugongo. Mara hii kitenge mbili."

Nilitaka kumtupia kitenge chake usoni, ila nilikuwa nimekivaa. Nilimwambia kwamba sauti yangu hataipata tena, si kwa mgongo, si kwa sabuni, si kwa chochote, na kwamba Jumamosi nitakuja kusimama pale pale nimpinge. Akasema nikaribie tu.

Jumamosi nikaenda kweli. Nilisimama kando ya bafle, na kila iliposema jambo nikalijibu. Iliposema inaponya tansio, nikasema uongo. Iliposema njia ya hospitali utaisahau, nikasema usiisahau, utakufa. Watu walikusanyika kuliko siku zote. Walifurahi, walipiga makofi, walidhani ni mchezo tulioupanga. Mama mmoja alinishika mkono akaniambia, "Madamu, munachezaka muzuri," na akanunua chupa mbili. Ile siku dawa ilimwishia muuza dawa mapema, akaja kunishukuru. Nilirudi nyumbani nimechoka, nina hasira ambayo sikujua niiweke wapi.

Usiku mzima wa Jumamosi ile uamuzi ulikuwa mmoja tu kichwani. Watu waliiamini sauti yangu si kwa sababu ni tamu. Waliiamini kwa sababu ya daftari lile na mahali pale. Basi nitaikana palepale, na litakalokuwa na liwe.

Jumapili nikasoma ndoa mbili, nikasoma msiba mmoja, nikasoma salongo. Kisha nikafunga daftari.

"Tangazo la mwisho halikuandikwa," nikasema. "Sauti inayopita juu ya pikipiki ni yangu. Nililipwa. Dawa ile siijui. Maneno ya kusahau njia ya hospitali niliyatunga mimi, kwa sababu yalinipendeza. Mama yangu aliyaamini, akaacha vidonge vyake vya tansio. Kama kuna mwingine aliyeacha, arudi kwa muganga leo, asingoje kesho."

Sikuona uso wa mama. Alikuwa safu ya tatu, ameinama, kitambaa kimemfunika mpaka kwenye nyusi. Katekista, msimamizi wetu sisi wasomaji, aliinuka, akanifikia kwa hatua tatu, akalichukua daftari mkononi mwangu mbele ya watu wote.

Baadaye, kwenye chumba cha nyuma, aliniambia, "Hapa si soko. Mambo ya dawa hapana yaletwe mbele ya altari."

"Papa katekista, soko lilishaingia. Ni mi nililiingiza, siku niliuzisha 'ndugu wapendwa' kwa mutu wa dawa."

"Juma ijayo mwingine atasoma."

"Asome. Lakini siku mutanirudishia daftari, nitasema tena."

Si mtu mbaya, na sikuwa na haki ya kumwomba chochote. Lakini iliniuma. Nilipenda kazi ile kuliko nilivyopenda kufundisha, na mpaka leo ikifika saa ya matangazo naangalia chini. Hata hivyo sijutii neno hata moja, na nisingelisema kwa sauti ndogo zaidi.

Mama alitangulia nyumbani, hakunisubiri. Jumapili yote hakunisemesha. Alipika, akanipakulia, akala akiwa amenipa mgongo. Nilijua nimemwaibisha, maana sasa kanisa lote lilijua ni nani mama aliyedanganywa na mtoto wake.

Jumatatu asubuhi, kabla sijaenda shuleni, nilimkuta jikoni kwenye kigoda, chai imekwisha, mfuko wa vidonge uko juu ya magoti.

"Walikunyanganyaka daftari," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Sababu ya mi."

"Sababu ya mudomo yangu."

Akaufungua mfuko. "Basi soma."

"Nisome nini? Daftari iko kanisani."

"Soma ya kidonge. Na sauti ya kanisa. Hapana ile ya hasira."

Nikaweka mkoba wa shule chini. Nilisimama wima kati ya moshi na masufuria, mikono mbele, jinsi nilivyozoea. "Ndugu wapendwa, tusikilize matangazo," nikasema, na mama akanyanyua kichwa kama wanavyofanya wote. "Mama wa nyumba hii anaombwa ameze kidonge chake kila asubuhi, baada ya chai, leo na kesho na siku zote." Akatoa kidonge kimoja, akakiweka kiganjani, akashika kikombe cha maji.

Hapo pikipiki ikaingia mtaani kwetu. Bafle lilikuwa jipya, kubwa kuliko lile la zamani, na sauti yangu ilikuja nzima, safi, ikapita juu ya ukuta na kujaa jikoni. Mkono wa mama ukasimama njiani. Akageuza uso mlangoni, akasikiliza, na mimi nikaendelea kusoma, ingawa nilimwona anaisikiliza kweli ile ya barabarani.

"Sema kwa nguvu," akasema bila kunigeukia. "Ile ingine iko nakushinda."

Nikavuta pumzi, nikaanza tena tangu mwanzo, kwa sauti iliyowatoa majirani nje kuja kutazama, na sikunyamaza mpaka nilipomwona amemeza.