Kumwangalia Anayekula

Samaki wangu wanaweza kukaa siku kadhaa bila kula. Nilikuwa najua hilo kabla sijaondoka, na nalisema mwanzoni ili nisipate pa kujificha.

Nimejifunza kufuga samaki peke yangu, kwa video za kwenye simu na kwa kuwaua wale wa kwanza. Tangu hapo siwezi kupita mbele ya tangi bila kugusa maji kwa kidole, ingawa kipimajoto kimebandikwa palepale kwenye kioo. Nilipopata likizo ya kwenda Huye kwa dada yangu, wazo la kuwaacha peke yao lilininyima raha. Nikamwomba mama mdogo.

Mama mdogo ndiye aliyenilea, upande wa Goma, ng'ambo ya mpaka, wakati mama alipokuwa mgonjwa. Siku hizi anakaa hapa Gisenyi. Asubuhi anavuka mpaka na beseni la maparachichi kichwani, mchana anarudi, na nyumba yangu iko njiani kwake. Nilimpa ufunguo, nikamwonyesha vikaratasi nilivyokunja, kila kimoja kina chakula cha siku moja.

"Hii kidogo hivi?" alisema, akikipima kiganjani. "Hata mududu atalalamika."

"Inawatosha, mama mdogo."

"Bon. We ndiye muzazi wao."

Habari ya kamera sikumwambia. Ilikuwa ndogo, ya kuunganishwa na simu, nikaichomeka katikati ya vitabu, ikitazama tangi. Nilijiambia kwamba ni kwa ajili ya samaki.

Siku ya kwanza nilikuwa kwenye kochi la dada yangu, simu nimeificha nyuma ya mto. Mama mdogo akaingia, akavua viatu mlangoni, akawasalimia samaki, "Mwiriwe," kana kwamba wao ndio wenye nyumba. Akamimina kikaratasi. Kisha akafanya jambo ambalo ningelitarajia kama ningekuwa nimemkumbuka vizuri. Akawapa mgongo.

"Mukule, batoto. Mi siko naangalia."

Kwake, mtu anayekula haangaliwi. Utotoni, mgeni akishawekewa sahani, sisi tulifukuzwa nje, na yeye mwenyewe aligeukia jiko la mbabula, akijifanya anashughulika na makaa. Alisema macho ya watu yanamfanya mgeni aache kula kabla hajashiba. Akishasubiri kidogo anauliza kama aongeze, mgeni anakataa, naye anaongeza. Basi akawauliza samaki. Samaki hawakujibu. Akafungua kikaratasi cha kesho.

Chakula kinachobaki huoza na kuchafua maji. Ndivyo nilivyowaua wale wa kwanza. Lakini sikupiga simu bado. Niliendelea kutazama.

Alitoa chakula chake cha mchana, ugali wa fufu na sambaza, vile visamaki vya ziwani, kwenye bakuli lililofungwa kitambaa. Akaliangalia tangi, akaliangalia bakuli.

"Hapana, hii musione," aliwaambia. "Pengine ni ndugu yenu."

Akageuza kiti ili awafiche. Kwa kuwageuzia samaki mgongo, uso wake ukawa unaielekea kamera, yaani mimi.

Sikuwahi kumwona mama mdogo akila. Sisi tulikula kwanza, yeye alikula baadaye, jikoni, na hakuna aliyemfuata. Sasa nilimwona. Alikula upesi, kwa njaa ya mtu aliyetembea tangu alfajiri, akalamba kiganja, akalegeza kitenge kiunoni, akatafuna hata vichwa vya sambaza huku amefumba macho. Ningeweza kuzima simu. Nilitazama mpaka alipomaliza tonge la mwisho.

Na hilo halikunitosha. Nikapiga.

"Mama mdogo, usiwape mgongo. Subiri kwanza uone kama wamemaliza, ndipo..."

Kwenye kamera alikuwa ameshika simu sikioni, hatikisiki.

"We unajuaje nimebapa mugongo?"

Nilisema nimekisia. Hata mimi nisingejiamini. Akaanza kuzungusha macho, mlangoni, darini, kwenye pazia, mpaka yakafika kwenye vitabu, yakakaa hapo. Alifuta mdomo kwanza.

"Yewe," alisema polepole. "Na mi nilikuwa nakula."

Hakuuliza kama namdhania mwizi. Ningekuwa na jibu la hilo.

Ufunguo aliuacha kwa mama mwenye nyumba. Hakuna aliyewalisha samaki tena. Niliporudi maji yalikuwa na ukungu kidogo, na samaki wote walikuwa wazima, wakipigania kona ya kioo kwa njaa. Nilitoa kamera kabla ya kuwalisha, kisha nikaenda kwa mama mdogo na ufunguo mfukoni.

"Karibu, mutoto wangu." Akaniwekea maharage na viazi vya Mudende. Nilianza kusema maneno niliyoyapanga ndani ya basi.

"Kula kwanza."

Akavuta kigoda, akakaa mbele yangu, mikono magotini, akaniangalia mdomoni. Hakuwa na hasira usoni.

"Kula. Nangojea nione kama unamaliza."

Nilitia kiazi mdomoni. Kikazunguka, hakishuki. Nikasikia jinsi ninavyotafuna. Nilitaka kufuta midomo, na sikujua kama kufuta nako kunaonekana.

"Ni mubaya, eh?"

"Ni vibaya, mama mdogo."

"Donc umejua."

Akainuka, akanipa mgongo, akaanza kupepea makaa ambayo hayakuhitaji kupepewa. Hapo nikala, yote. Niliweka ufunguo mezani, karibu na sahani.

"Nikuongeze?" aliuliza bila kugeuka.

Nilikataa. Akaja akaongeza. Ufunguo aliupitia pembeni kwa mwiko bila kuugusa, kama kitu ambacho mgeni atakumbuka kuondoka nacho.