Watoto Watatu Niliomtajia Daktari

Msinicheke. Au chekeni tu, nimestahili.

Wakati wa vita nilikuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, na kazi yangu ilikuwa kukaa kando ya mtambo wa redio mchana kutwa. Ukisogeza mkono karibu na waya zake ulihisi joto linapanda ndani ya nyama. Wenzangu walinitania, "Filemon, utarudi Mwika umeshaiva!" Nilicheka nao. Vita vilipokwisha nikarudi, nikamuoa Kornelia, binti wa Kirua Vunjo. Miaka minne ikapita, hakuna mtoto.

Mama yangu hakumumunya maneno: kahawa ikishavunwa, Kornelia arudi kwao. Ni Kornelia aliyesikia, alipotoka misa, kwamba mjini Moshi amefika daktari Mzungu anayewapima askari wa redio, aone kama mitambo ile inadhuru damu, macho na uzazi. Akanishika mkono. "Nenda, tafadhali. Mweleze yote. Huenda kosa si langu wala si lako, ni la ule mtambo."

Nikaenda. Tulikuwa tisa kwenye benchi, wote wa Keya, na mlango wa daktari uko wazi. Mkalimani alikuwa Rajabu, mtu wa mjini, sauti yake kama ya mnadani. Nilipoingia akaniuliza, "Una watoto wangapi?" Wenzangu kwenye benchi walikuwa wananitazama mimi.

"Watatu," nikasema.

Ni watoto wa kaka yangu Wenseslaus. Kwetu wananiita baba, na mtoto wa ndugu yako ni wako, hakuna anayebisha. Lakini nilijua daktari anauliza nini. Nilijua vizuri sana! Nikajificha kwenye desturi yetu kama mwizi nyuma ya mgomba. Daktari akaandika, akanitoa damu, akanimulika macho. Rajabu akatangaza, "Huyu hana tatizo! Mtambo haukumfanya kitu!" Wenzangu wakanipigia makofi, na mimi nikatabasamu, mpumbavu mkubwa.

Nyumbani nilimkuta mama na mke wangu wanamenya ndizi.

"Umemweleza yote?" Kornelia akauliza.

"Yote."

"Akasemaje?"

"Kasema sina tatizo."

Mama akaguna, akaendelea kumenya. Kornelia aliweka kisu chini, akaingia ndani. Ningeweza kumfuata. Hatua kumi tu! Lakini kusema ukweli mbele ya mama yangu kulinishinda, nikabaki nimekaa pale nikihesabu maganda.

Asubuhi alifunga nguo zake. Nilimsindikiza hadi kwenye mfereji, naye akasimama, macho yamevimba.

"Filemon, nisamehe," akasema. "Nimekusingizia ubovu ambao huna."

Mungu wangu. Nikamwambia nimemsamehe.